Swingamu niliyorefusha imepasuka mara ya pili

MaweseNaCheni: Wakuu, habari za jioni. Niko Ujiji, nabeba mawese kutoka Simbo, madumu manne ya lita 20 kila safari, pikipiki ya Kichina ya 150. Mzigo ulikuwa unakaa nyuma ya ekseli, mbele panakuwa pepesi hadi usukani unacheza. Nikakata swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, nikaongeza sentimita 10 za bomba la maji. Siku 19 ikapasuka. Nikachomelea tena na kibati juu. Juzi imeachia upande wa cheni, dumu mbili zimemwagika, kuku wa watu wanaonja, mimi nimekaa kando nimeshika kichwa. Fundi anasema tuweke bomba nene zaidi. Kweli shida ni unene?

Kerezo_Gungu: Si unene, kaka. Bomba la maji lina zinki. Usipoisaga kwanza, mchomeleo unajaa vitundu kama mkate wa kumimina, na ule moshi mweupe utakulaza na homa usiku. Halafu nadhani ulikata wima, ukachomelea mduara mmoja. Ufa huanzia pembeni ya mduara huo.

Kata mshazari, kama unavyokata ndizi ya kukaanga. Ndani ingiza kipande cha bomba kinachobana, sentimita 6 kila upande, toboa matundu bomba la nje uyajaze kwa kuchomelea. Usichomelee swingamu ikiwa kwenye chesisi, utaunguza bushi, zile pete ambamo bolti yake inazungukia. Ifunge kwenye chuma kilichonyooka, bolti na ekseli zikiwa ndani, upime kushoto na kulia. Zikipishana tairi linakaa upande, na cheni itakula spoketi. Na iache ipoe yenyewe! Vijana wanapenda kumwagia maji wasikie ile "psss".

Cheni ya saizi 428, pini hadi pini ni milimita 12.7. Ekseli ikirudi milimita 101.6 unaongeza pingili 16 kamili, nane juu na nane chini, kwa hiyo sentimita 10 zako si mbaya, milimita 1.6 zilizobaki utavuta kwa vikaza cheni.

MaweseNaCheni: Nilikata wima. Na maji nilimwaga mwenyewe. Shokapu nimeziacha palepale.

Kerezo_Gungu: Basi mzigo uleule sasa unazikandamiza zaidi, maana tairi limekwenda mbali nazo. Sogeza mshikio wa chini nyuma kidogo. Kidogo tu, shokapu ikilala sana inalegea. Bushi ukizikuta zimeliwa, nitakukerezea za shaba, niletee na bolti yake nipime.

Boda_Mwanga: Hakuna aliyeuliza breki. Nyuma si ni ngoma? Ile fimbo ya breki umeirefusha na nini?

MaweseNaCheni: Nimeunga na waya wa kufungia nondo, umesokotwa mara tatu.

Kerezo_Gungu: Paki hiyo pikipiki leo hii.