Wakuu mlioko Ghuba, siku ya ofu mnaenda wapi? Nimechoka kuzunguka mol

MlinziWaZamu:

Habari zenu wakuu. Niko Dubai mwezi wa tisa sasa, kazi ya ulinzi, zamu ya masaa kumi na mbili, nakaa Deira chumba kimoja watu sita. Ofu yangu ni Jumanne, yaani siku ambayo kila ninayemjua yuko kazini. Nikiamka nafua sare, napiga simu nyumbani, nakula, nalala tena, jioni naenda mol kupigwa na AC tu, nazunguka natazama viatu ambavyo bei yake ni nusu ya mshahara wangu halafu narudi kitandani. Burj Khalifa nimeshaitazama kwa chini, mita 828 shingo inauma, yale maji yanayocheza muziki nimeyaona mara nne inatosha. Nyumbani wanadhani nakula bata huku kumbe picha ninazowatumia ni zile zile tatu nabadilisha shati.

Bajeti ni dirham 100 kwa siku pamoja na msosi. Sina gari sina leseni. Zile safari za jangwani za watalii msinitajie, niliuliza bei nikaaga kwa adabu. Joto ndio limeanza kupungua huu mwezi wa kumi kwa hiyo nataka nianze kutoka. Watu wa kawaida kama sisi mnafanyaje?

Kobe_Taratibu:

Mkuu unakaa Deira halafu unalalamika?? Mimi nakaa mbali na huwa nakuja huko kwenu kupumzika. Shuka mpaka Creek, wenyewe wanaita Khor, ni hori kabisa kama hori tunalolijua sisi. Pale kuna vile viboti vya mbao vinaitwa abra, dirham 1 unavushwa mpaka Bur Dubai, unampa nahodha sarafu mkononi mkiwa majini. Dirham moja! Mimi siku nikiwa na mawazo navuka naenda narudi hata mara tatu, upepo wa maji unakupiga usoni, pembeni mhindi yuko kwenye simu, mpakistani kabeba maboksi, hakuna anayekujua na hakuna anayekuuliza kitu.

Ukishuka ng'ambo tembea mpaka Al Fahidi, mtaa wa zamani wenye vichochoro na minara ya upepo, hiyo ndiyo ilikuwa AC yao kabla ya umeme, mnara unakamata upepo juu unaushusha chumbani. Kuta zake za mawe ya matumbawe, mtu wa pwani ukiigusa utajua mwenyewe. Halafu rudi upande wenu jioni ukae pale yanapofunga majahazi, uangalie wanavyopakia friji, matairi na magodoro, nyingine zinaenda Iran nyingine Somalia. Mimi hiyo naihesabu ni sinema ya bure.

Kuoga baharini pia usisubiri baridi. Tangu 2023 kuna fukwe wamezifungua usiku, Jumeirah 2, Jumeirah 3 na Umm Suqeim 1, zina mataa makubwa na waokoaji wapo, huchangii hata senti. Mimi nikitoka zamu ya jioni nakwenda saa nne usiku.

Onyo moja la metro: usile, usinywe, hata bigijii usitafune, na angalia mstari wa pinki sakafuni, lile behewa ni la wanawake na watoto. Mimi nilirukia mlango ukifunga nikajikuta nimesimama katikati ya akina mama wote wananiangalia, na mkaguzi naye yumo. Faini dirham 100. Yaani bajeti yako yote ya siku hiyo hapo imekwisha kabla hujafika popote.

Dada_wa_Zamu_ya_Usiku:

Kaka mlinzi pole, hiyo hali ya kulala siku ya ofu naijua, mwaka wa kwanza wote niliumaliza hivyo. Mimi niko Abu Dhabi. Panda basi la kutoka Al Ghubaiba, dirham 25 mpaka huku, uje uone msikiti wa Sheikh Zayed. Kuingia ni bure ila ujiandikishe kwanza mtandaoni. Lile zulia la ndani ni moja tu zima, limefumwa na wanawake wa Iran kama 1,200 kwa mikono, mita za mraba zaidi ya 5,600, ukilikanyaga unaona aibu na soksi zako. Nenda saa za kuelekea magharibi, marumaru inabadilika rangi na jua, halafu taa zinawaka. Akina dada mnaosoma hapa vaeni nguo pana na mtandio kabisa, mimi mara ya kwanza nilikwenda na suruali ya kubana nikarudishwa getini na nilikuwa nimebadilishana zamu na mtu kwa ajili ya siku hiyo.

Kingine, msinicheke. Nimelipa hela kwenda kuona mikoko. Mikoko jamani! Kuna sehemu inaitwa Jubail wamejenga daraja la mbao linapita juu ya maji katikati ya mikoko, kaa unawaona chini, ndege wakubwa weupe wamesimama. Nilienda na mfilipino mwenzangu wa kazini, yeye anapiga picha, mimi nimesimama tu nanusa ile harufu ya tope. Machozi yalinitoka bila sababu. Mfilipino akaniuliza vipi, nikamwambia vumbi.

MlinziWaZamu:

Dada hiyo ya vumbi imenimaliza 😂 abra naanza nayo Jumanne hii hii. Hilo basi la Abu Dhabi nakula nalo mwezi ujao mshahara ukiingia.

PembeYaMuscat:

Assalaam alaykum. Nyie watu wa Dubai mnahangaika na majengo, njooni Oman muone ardhi. Mimi mzaliwa wa Unguja niko Muscat mwaka wa saba huu, na kitu cha kwanza nikwambie mwanangu, ukipita soko la Mutrah usiseng'enye mtu kwa Kiswahili. Utamkuta mzee kavaa kanzu na kofia yake, ndevu nyeupe, unamtolea maneno kuhusu bei yake, anakujibu "basi kijana wangu nikupunguzie ngapi?" Ilinikuta miye wiki ya pili. Huku waliozaliwa Zanzibar na watoto wao ni wengi, unaweza kwenda siku nzima hujatamka Kiarabu.

Sasa matembezi. Wadi Shab (wadi ni bonde la mto katikati ya milima), iko Tiwi, kutoka Muscat kwa gari ni kama saa moja na nusu ukifuata barabara ya Sur. Ukifika unavushwa na kiboti kidogo rial 1, halafu unatembea baina ya majabali kama dakika arobaini na tano, mitende upande huu, falaji, yaani mfereji wa maji, upande ule, mpaka ufike kwenye madimbwi. Hapo unaacha viatu unaogelea. Maji ya kijani, safi, unaona miguu yako. Mwisho kabisa kuna ufa wa jiwe mwembamba, kichwa tu kinapita, wewe unaelea chini yake, pua juu, unajivuta kwa mikono na jiwe liko inchi chache juu ya uso wako, halafu ghafla unatokea ndani ya pango lina maporomoko ya maji na mwanga unashuka kwa juu. Wallahi miye mtoto wa bahari lakini pale moyo ulinidunda. Rafiki yangu mmoja mwili mkubwa alifika kwenye ufa akasema nyie nendeni mnihadithie.

Lakini sikilizeni vizuri, wadi si mchezo. Mvua inaweza kunyesha mlimani mbali, nyie mko chini kwenye jua kali mnacheza, maji yanashuka kama ukuta. Tulishawahi kuwa njiani tunaelekea huko tukaona wingu limekaa juu ya milima, mzee tuliyekuwa naye akasema geuza gari. Vijana tukanuna, tumeshanunua nyama ya kuchoma na mkaa. Jioni ile barabara ilikatika kwa maji. Na ukivuka wadi inayotiririka na gari huku ni kosa kisheria, polisi hawakuonei haya.

Kama hujui kuogelea kuna shimo la Bimmah njia hiyo hiyo, kuingia bure, kuna ngazi mpaka chini kwenye maji, unatia miguu samaki wadogo wanakudonoa. Na Ijumaa asubuhi Nizwa kuna mnada wa mbuzi, wenye mbuzi wanazunguka duara wakipiga kelele za bei na wanunuzi wamekaa. Fika mapema, saa tatu kumeshapoa.

Kuja kwenyewe: mabasi ya Mwasalat yapo Sharjah mpaka Muscat. Visa uliza kwanza kabla ya kukata tiketi, hata kama una ukaazi wa Ghuba. Anayekuja na gari akumbuke bima ya Oman, wanaiita orenji kadi.

Jamaa_wa_Doha:

Niko Doha, acha niwape story. Hapa metro ni riyal 2 kwa safari na ukizunguka siku nzima haipiti 6, so siku ya off mi huenda Souq Waqif kuangalia soko ya mwewe, kuna ndege bei yake inaweza nunua plot, na iko na hospitali yake kando, ndege inapelekwa daktari imevalishwa kofia ya ngozi. Mimi mwenyewe nikiumwa nameza panadol.

Sasa hiyo ya jangwa. Boyz walikuja na gari ya fowili tukaamua kwenda Khor Al Adaid, ile bahari imeingia ndani ya jangwa karibu na Saudia. Hakuna mtu alikuwa anajua kuendesha kwa mchanga lakini kila mtu alikuwa ameona video. Matairi tulipunguza upepo sawa, hapo tulijaribu. Shida ilikuwa kurudi, dereva akaona mahali flat, nyeupe, imekauka poa, akasema tupite hapa ni shortcut. Hiyo inaitwa sabkha. Juu ni chumvi imekauka chini ni matope. Gari ikazama mpaka milango. Tulichimba na sufuria na mkeka wa kukalia, masaa matatu, maji ya kunywa imebaki chupa mbili watu watano, simu haina network. Ilibidi Waqatari fulani wapite na Land Cruiser, wakashuka, wakacheka kwanza vizuri, wakatutoa kwa dakika kumi na wakatuachia kahawa na tende. Wakakataa pesa kabisa. Moja yao akatuambia mkirudi huku mkuje gari mbili. Gari mbili, andika hiyo mahali.

MlinziWaZamu:

Wakuu nimerudi na ripoti. Wiki tatu zimepita.

Abra nimeipanda mpaka nahodha mmoja ananisalimia. Wiki iliyofuata nikasikia habari za Hatta, lile basi la Hatta Express linatoka Dubai Mall dirham 25, yaani ile mol niliyokuwa nazurura kumbe basi lilikuwepo hapo hapo miezi yote. Nimefika kule milima imezunguka bwawa la maji ya kijani, hewa nyingine kabisa. Nikakodi kayaki, nimevaa jaketi la kuokolea, dakika kumi za kwanza nazunguka duara tu kama mbuzi wa Nizwa, mtoto wa kihindi wa kama miaka minane akanifundisha namna ya kushika kasia. Baada ya hapo nikaenda mpaka katikati nikaacha kupiga makasia. Kimya. Tangu nifike nchi hii sijawahi kusikia kimya, chumbani kwetu kuna mtu anakoroma saa zote ishirini na nne kwa zamu.

Kosa langu ni kwamba basi linakuja kila baada ya masaa mawili na mimi nilifika kituoni limetoka dakika tano zilizopita. Nikakaa na walinzi wenzangu wa pale, wapakistani wawili, wakanikaribisha chai ya maziwa na chapati. Bajeti ilibana sana, kayaki ndiyo iliyokula hela, hiyo chapati ndiyo ilikuwa chakula changu cha siku.

Picha nimetuma nyumbani, mama ameuliza nimehamia nchi gani.

Sasa @PembeYaMuscat, nimeomba siku tatu mwezi wa kumi na mbili na wamekubali. Visa nafuatilia. Swali ni moja tu, mimi kuogelea najua ila kifua changu kipana kidogo, huo ufa upana wake ukoje?

PembeYaMuscat:

Kichwa kikipita umepita, mwili uko chini majini huko kupana. Njoo, nitakupokea kituoni. Na viatu vya maji uje navyo, mawe yanateleza.