MJADALA: Mzazi azungumze Kiingereza na mtoto wa chini ya miaka mitatu?

TibaUsemi: Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi siku hizi mtoto anaongeleshwa Kiingereza tangu yuko kwenye nepi, hata kama mzazi anakijua cha darasani tu. Wanaotetea wanasema usaili wa kuingia shule za "English medium" utakuwa mteremko. Mimi napinga, na wala si kwa uzalendo.

Mtoto hujenga lugha kwa zamu. Anatoa sauti au ananyoosha kidole, mkubwa anamjibu papo hapo kuhusu kitu kilekile, naye anarudisha. Mwaka 2018 mtafiti Rachel Romeo na wenzake huko Boston, Marekani, walipima watoto 36 wa miaka 4 hadi 6. Kilichoendana na kazi ya ubongo wakati wa kusikiliza hadithi kilikuwa idadi ya zamu hizo, hata baada ya kuweka kando wingi wa maneno ya wakubwa na kipato cha familia. Sasa mzazi anayetafuta neno kichwani atajibu papo hapo vipi? Matokeo yake ni amri tupu: "come", "sit", "no", "stop it". Utani hakuna, ubishi hakuna, "ehee, halafu ikawaje?" hakuna.

MzaziMbezi: Rahisi kusema. Sekondari Tanzania ni Kiingereza, na anayekutana nacho shuleni kwa mara ya kwanza anaanza akiwa nyuma. Halafu si wale watafiti wa Marekani, Hart na Risley, walishathibitisha kuwa siri ni wingi wa maneno?

SarufiPwani: Hart na Risley (1995) walifuatilia familia 42 za Kansas, saa moja kila mwezi, wakakadiria pengo la maneno milioni 30 kufikia miaka 4 kati ya watoto wa wenye nacho na wa maskini. Hao maskini zaidi, waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali, zilikuwa familia 6 tu. Douglas Sperry na wenzake walipokuja kuhesabu pia maneno ya watu wengine waliomo nyumbani, picha ile haikujirudia. Usiijengee nyumba nzima juu yake.

Na kama hoja ni Kiingereza, tazama Florida. Place na Hoff (2011) walichunguza watoto wa miezi 25 wanaokua na Kihispania na Kiingereza. Kiingereza cha mtoto kiliendana na sehemu aliyoisikia kwa watu waliozaliwa nacho. Cha kujifunzia ukubwani hakikuwa na uzito uleule.

Kiswahili nacho kina kazi yake. Kitenzi kimoja kinabeba nafsi, wakati na mtendwa. Mwanaisimu Kamil Deen alipochunguza watoto wa Nairobi alikuta wanadondosha viambishi vya mwanzo: "taka maji", "meanguka". Hiyo ni hatua ya kawaida. Kosa ni kumsimamisha: "Sema *nataka*! Sema vizuri!" Zamu imekufa hapo. Mrudishie kitu kizima, ukiongeza kimoja tu: "Unataka maji? Haya, nakuletea maji." Akisema "meanguka", mwambie: "Kikombe kimeanguka! Kimemwagika." Hivyo anasikia *ki-* mara tatu bila kufokewa.

NesiKliniki: Mnabishana kuhusu mzazi kana kwamba ndiye anayeshinda na mtoto. Toka asubuhi hadi jioni ni dada wa kazi, naye ameambiwa "muongeleshe Kiingereza", basi ananyamaza na kuwasha katuni. Kinachotakiwa kufundishwa, kwa dada na kwa mama, ni hiki. Wakati wa kuogesha na kulisha, keti macho yenu yawe usawa mmoja. Taja anachokitazama *yeye*. Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi tano. Hapo ndipo wengi wanashindwa: wanauliza na kujibu wenyewe ndani ya sekunde moja. Kelele, kidole, hata jicho tu, vyote ni zamu, vijibu. Acha usaili wa "hii nini? na hii?", maana mtoto akihojiwa mfululizo anafunga mdomo.

Na katuni za Kiingereza hazizibi pengo. Patricia Kuhl (2003) aliwapa watoto wa Marekani wa miezi 9 vipindi 12 vya Kichina. Waliocheza na mtu walitofautisha sauti zake. Waliotazama televisheni hawakupata kitu. Shirika la Afya Duniani (2019) linasema chini ya mwaka mmoja, skrini hapana kabisa.

SarufiPwani: Hapo kwenye "keti, mtazame" tuwe waangalifu. Kwa Watseltal, jamii ya Wamaya wa Mexico, watoto huongeleshwa moja kwa moja dakika 3.6 tu kwa saa, na hatua za mwanzo za usemi wanazifikia kwa wakati. Mtoto wa mbeleko anasikiliza mengi. Msiwaambie bibi zetu kwamba walilea mabubu.

TibaUsemi: Kweli, ila mtoto huyo ana kaka, binamu na majirani uani. Wa ghorofani ana mtu mmoja na televisheni. Mtu huyo asipompa zamu, hakuna mwingine wa kumpa.

MzaziMbezi: Basi baba Kiingereza, mama Kiswahili?

TibaUsemi: Kama baba anaweza kutania na kubembeleza kwa Kiingereza, sawa. Kuchanganya hakumcheleweshi mtoto. Maneno yake yahesabuni kwa lugha zote mbili pamoja. Lakini miezi 12 bila kubwabwaja wala kugeuka akiitwa, miezi 16 bila neno hata moja, miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo: msisubiri, mkaanze na kipimo cha masikio. Sikio linalotoa usaha lisipuuzwe.

MzaziMbezi: Nimewaelewa kuhusu dada na zamu. Ila shule ikimuuliza jina kwa Kiingereza akanyamaza, nafasi inakwenda kwa mwingine.

NesiKliniki: Jina, umri, rangi na salamu anafundishwa kwa mchezo miezi michache kabla ya usaili, akiwa tayari na lugha ya kuulizia "kwa nini". Asiyekuwa nayo hata moja, huyo ndiye atakayenyamaza.

MzaziMbezi: Tutaona. Shule zenyewe hazijaacha kumhoji mtoto wa miaka mitatu.