Injini yenye giaboksi kwenye Cessna 175: je, nipunguze mizunguko?

Mwanagenzi wa Anga:
Ndugu marubani, nimezoea kurusha Cessna 172 yenye injini ya O-300, na sasa nimehamia Cessna 175, ambayo injini yake ni GO-300 yenye giaboksi, yaani gia zinazoifanya propela izunguke polepole kuliko injini. Katika mwendo wa safari takometa (kipimo cha mizunguko kwa dakika) inasoma 2900, na kwa sikio langu injini inalia kama inayoteswa. Rubani mwenzangu amenishauri niishushe hadi 2400, kama tufanyavyo kwenye 172, ili idumu. Je, ushauri huo ni sahihi? Na wakati wa kushuka nizingatie nini?

Fundi Mitambo:
Usiufuate ushauri huo. Takometa yako inaonyesha mizunguko ya injini, wala si ya propela. Uwiano wa giaboksi hiyo ni 0.75, kwa hiyo injini ikizunguka mara 2900 kwa dakika, propela inazunguka mara 2175 tu. Na injini ikifika kikomo chake cha 3200, propela iko 2400. Injini hizi mbili zina ujazo uleule, takriban lita 4.9, lakini O-300 hutoa nguvu za farasi 145 kwa mizunguko 2700, ilhali GO-300 hutoa 175 kwa 3200. Nguvu ya ziada imetafutwa kwenye mizunguko, na hapo ndipo giaboksi inapohitajika: propela ya kipenyo cha mita 2.1 ikizungushwa mara 3200 kwa dakika, ncha zake zinakwenda kama mita 350 kwa sekunde, yaani zinapita kasi ya sauti, na sehemu kubwa ya nguvu inaishia kuwa kelele.

Ukishusha hadi 2400, propela inabaki na mizunguko 1800, ndege inajikokota, na hewa ya kupoza silinda inapungua. Wengi waliotoka kwenye 172 walifanya hivyohivyo, na injini ikapata sifa mbaya isiyoistahili. Fuata majedwali ya kitabu cha ndege yako, sikio litazoea.

Rubani wa Injini Mbili:
Kuhusu kushuka, jambo la kuogopa ni propela kuiburuza injini. Kwa kawaida meno ya gia husukumana upande mmoja, lakini ukirudisha wenzo wa nguvu ghafla huku ndege ina kasi, upepo ndio unaozungusha propela, na meno yanagongana kwa upande wa pili. Mimi hurusha Cessna 421, yenye injini za GTSIO-520 za nguvu za farasi 375, nazo zina giaboksi, na huko tunapanga kushuka mapema, tukipunguza nguvu kidogo kidogo na kubakiza kiasi cha kuifanya injini iendelee kuvuta. Ukijikuta juu mno karibu na uwanja, afadhali uzunguke tena kuliko kufunga nguvu yote kwa mkupuo.

Mwanagenzi wa Anga:
Nashukuru. Je, mazoezi ya kutua bila nguvu niyaache kabisa?

Rubani wa Injini Mbili:
La, usiyaache, kwa kuwa siku injini ikizima utayahitaji. Punguza kasi kwanza, kisha ufunge nguvu taratibu, na unapoirudisha usiikurupushe.

Msomaji wa Zamani:
Sikubaliani kwamba kosa lote ni la marubani. GO-300 ilipewa saa 1200 kati ya ovaholi (matengenezo makubwa ya kuifungua injini yote) moja na nyingine, wakati O-300 ilipewa 1800, na mtengenezaji hakuyapanga hayo kwa kusikia uvumi. Gia ni sehemu ya ziada inayochakaa, na anayenunua ndege hiyo aiweke gharama hiyo kwenye hesabu zake.

Hata hivyo, giaboksi yenyewe si balaa. Rotax 912, injini ya ndege ndogo yenye giaboksi pia, inazunguka hadi 5800, na toleo la nguvu za farasi 100 lina uwiano wa 2.43, yaani injini huzunguka mara 2.43 propela ikizunguka mara moja, hivyo propela haivuki 2400. Kwenye injini hiyo shida hujitokeza mizunguko ikiwa chini mno: ukiiacha injini ikitetema chini, utasikia gia zikigongana, na dawa yake ni kuongeza nguvu kidogo hadi mlio utulie.

Fundi Mitambo:
Saa hizo 1200 ni kweli, sina ubishi nazo. Mwanagenzi, kila unapobadilisha oili, kagua chujio kwa makini na upitishe sumaku kwenye mabaki yake. Ukikuta vipande vya chuma vinavyonata, ndege isiruke mpaka fundi ajue vimetoka wapi.