Biashara ndogo kijijini, mtaji unakata, afanyeje?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni, mi nipo Mbagala ila dada yangu yuko kijijini huko Newala anauza maandazi, sabuni na mafuta ya kupima pale njiapanda, wateja wapo ila hela hawana, anakopesha weee mpaka mtaji unakata. Naumia sana, nimshauri nini?

Jibu: Mkuu huko hela inafuata korosho, minada ikianza Oktoba ndo watu wanalipa. Awe na daftari, kila mtu na kikomo chake, ila maandazi iwe keshi tu maana unga nae anaununua keshi. Miezi ya kilimo apunguze mzigo apime vidogo vidogo, mafuta ya mia mbili, sukari robo, hivyo ndo vinatoka.

Jibu: Siku ya gulio asisubiri wateja, abebe mzigo awafuate. Na aingie kikoba cha kina mama wenzie, mtaji ukiyumba anakopa kule. We mtumie sabuni za jumla toka Kariakoo, mabasi ya kusini si yanapita hapohapo kwenu?

Mleta mada: Asanteni sana, namtumia katoni mwisho wa mwezi.