Naomba ushauri: begi la mgongoni la kubebea nyama ya porini

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbagala. Mimi na mjomba huwa tunakwenda kuwinda kwa kibali, na safari iliyopita begi limeniaibisha.

Nililinunua Kariakoo, jipya, limeandikwa lita 80. Tumeshachuna swala pala, nikabeba mapaja na bega moja, kama kilo 25 hivi. Hata nusu ya njia ya kurudi kwenye gari hatujafika, mkanda wa kushoto ukang'oka na mshono wake. Nikamalizia nimelikumbatia kama mtoto, damu mpaka kwenye soksi. Mjomba anacheka tu.

Ukubwa haukuwa shida. Lilikuwa halina fremu, na mkanda wa kiunoni ni utepe mtupu, kwa hiyo mzigo wote uliangukia mabegani. Nataka lenye fremu ya aluminiamu na mkanda mnene wa kukaa kwenye nyonga. Bora zaidi lile ambalo mfuko unaachana na fremu, nyama ikae katikati karibu na mgongo, nguo zisilowe. Siku nyingine nilikaze mikanda lipungue, nipande nalo basi la Morogoro.

Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Kifaru, jina letu kabisa, ila bei yake si ya mfuko wangu. Nina laki mbili.

Kuna aliyebahatika mitumba ya Karume? Au nimpe fundi wa Gerezani achomelee fremu? La rangi za jeshi sitaki, maswali njiani siyawezi.