IPK: ilikataliwa na wapigakura, au ilizuiwa isiwafikie?

Mfuatiliaji

Ndugu zangu, naleta swali ambalo huzuka Pwani kila uchaguzi unapokaribia, kisha likaachwa njiani. Islamic Party of Kenya ilitangazwa Mombasa mwanzoni mwa 1992, muda mfupi baada ya kifungu cha 2A kufutwa katika Katiba mwezi Desemba 1991 na nchi kurejea kwenye vyama vingi. Mwaka huohuo ikanyimwa usajili kwa hoja kwamba ilijengwa juu ya dini. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 91, imelimaliza jambo hilo kwa kukataza chama chochote kuanzishwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Msimamo wangu ni kwamba katazo hilo ni la haki, na kwamba hata lau IPK ingesajiliwa isingefika mbali, kwani katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 iliambulia viti viwili tu, ilhali KANU, chama tawala cha wakati huo, ilichukua 17 kati ya viti 20 vya mkoa mzima wa Pwani. Isisahaulike pia kwamba IPK ilikuwa sauti ya koo chache za Mji wa Kale zenye asili ya Uarabuni, wala haikuwa sauti ya Waislamu wote wa Pwani. Je, chama cha namna hiyo kingetufaa nini leo?

Mwana wa Majengo

Bwana Mfuatiliaji, umeandika mambo mengi kwa utulivu, kisha ukapachika humo sentensi moja ambayo siwezi kuipita kimya. Unasema IPK ilikuwa ya koo chache zenye asili ya Uarabuni. Ulikuwa wapi jioni zile Sheikh Khalid Balala, mhubiri aliyekuwa sauti kuu ya IPK, alipokuwa akihutubia Mwembe Tayari mjini Mombasa? Mimi nilikuwa pale, kijana wa mtaani, nimesimama kati ya wachukuzi wa bandarini waliotoka zamu wakiwa na vumbi la saruji mabegani, wauza kahawa walioacha madele yao makaani, na vibarua wa viwandani ambao hawakuwa na ukoo wa kutajwa katika Mji wa Kale. Watu wale hawakuja kusikiliza nasaba ya mtu. Walikuja kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alisimama hadharani akasema yale waliyokuwa wakinong'ona kuhusu kazi, pasipoti na ardhi.

Sentensi yako naijua ilikotoka. Mwaka 1993 lilipoundwa kundi la United Muslims of Africa chini ya Omar Masumbuko, likiwa limeegemea KANU, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake: kwamba Mwislamu Mwafrika ajitenge na IPK kwa sababu ni chama cha Waarabu. Maneno hayo yaliwagombanisha watu waliokuwa wakisali safu moja, na inaniuma kuyaona yakirudi baada ya miaka zaidi ya 30 kana kwamba ni utafiti.

Wakili Mstaafu

Naomba turudi kwenye swali, na tuanze kwa kuweka sawa jambo la msingi. IPK haikupata viti viwili mwaka 1992, na haikupata hata kimoja, kwa sababu haikuwa kwenye karatasi ya kura. Viti anavyovitaja mwenzetu, yaani Kisauni na Likoni, vilichukuliwa na FORD-Kenya, chama cha upinzani cha Mzee Oginga Odinga. Kilichotokea ni kwamba IPK, baada ya kufungiwa mlango, iliwaelekeza wafuasi wake kwa FORD-Kenya, na kwa njia hiyo Profesa Rashid Mzee akaingia bungeni kutoka Kisauni, na Khalif Mwavumo kutoka Likoni. Kwa hiyo anayetaka kupima nguvu ya IPK kwa kura hana budi kuitafuta ndani ya kura za chama kingine, na hiyo si kazi nyepesi.

Hata hivyo, wanaoitetea IPK nao wana swali zito la kujibu. Mwembe Tayari iko katika jimbo la uchaguzi la Mvita, na Mji wa Kale na Majengo viko Mvita. Hapo ndipo chama kilipozaliwa, kilipohutubia na kilipokabiliana na polisi Mei 1992 baada ya wahubiri kukamatwa. Lakini Mvita ilimrudisha bungeni Shariff Nassir wa KANU, mpinzani mkubwa wa IPK mjini. Ikiwa IPK ilikuwa sauti ya watu, mbona nyumbani kwake watu walimchagua adui yake? Ningependa kusikia jibu la hilo kabla hatujaingia katika mambo ya nasaba.

Mfuatiliaji

Bwana Mwana wa Majengo, usiniwekee kinywani maneno ya Masumbuko. Sikusema Mwislamu Mwafrika ajitenge na yeyote. Nimesema jambo linalojulikana, kwamba Sheikh Balala mwenyewe ana asili ya Yemen, na kwamba watu wengi wa bara, na hata baadhi ya Wamijikenda, walikitazama chama kwa jicho hilo. Siasa ni jinsi watu wanavyokuona, na chama kisichoweza kujieleza kwa jirani yake hakiwezi kuongoza mkoa. Ama kuhusu viti, viwe vya IPK au vya FORD-Kenya iliyokuwa ikibebwa na IPK, hesabu ni ileile: viwili kati ya 20. Hoja yangu hasa ni kwamba chama cha dini hakiwezi kuwaunganisha watu wa Pwani.

Bint Kisauni

Kaka Mfuatiliaji, ulipoanza ulisema IPK ilikuwa na kura chache. Sasa unasema tatizo ni jinsi ilivyoonekana. Hizo ni hoja mbili, na hii ya pili inanitisha kuliko ile ya kwanza. Unakumbuka yaliyompata Sheikh Balala? Mwaka 1992 alishtakiwa kwa kosa la kuwazia kifo cha rais. Baadaye, akiwa Ujerumani, serikali ilikataa kumpa pasipoti mpya kwa madai kwamba yeye ni raia wa Yemen, akakwama ughaibuni hadi 1997. Mtu aliyezaliwa Mombasa alifanywa mgeni kwa sababu ya "jinsi anavyoonekana". Huo ndio mwisho wa njia unayoitetea.

Na si yeye peke yake. Mimi nilipokwenda kuomba kitambulisho katika ofisi moja nisiyotaka kuitaja, karani alitazama jina langu, akatazama mtandio wangu, kisha akanitaka nilete cheti cha kuzaliwa cha nyanya yangu. Nyanya yangu alizaliwa kabla ya uhuru, akapokewa na mkunga chumbani, na hakuna aliyemwandikia karatasi. Msichana aliyekuwa mbele yangu foleni, mwenye jina la Kikristo, aliulizwa cheti chake mwenyewe tu. Ndiyo maana nasema IPK haikuzaliwa kwa sababu watu wa Mombasa walitaka dola ya Kiislamu. Ilizaliwa kwa sababu Mwislamu alikuwa akitengwa kwa Uislamu wake, na aliyetengwa kwa jambo fulani hujitetea kwa jambo hilohilo.

Mdigo wa Likoni

Nimesoma hadi hapa kwa subira, sasa naona lazima niseme. Mmoja anatutaja kama "baadhi ya Wamijikenda" waliokitazama chama kwa shaka, mwingine anatuingiza katika safu yake bila kutuuliza. Sisi Wadigo ni Waislamu tangu vizazi na vizazi, na si Waarabu. Mwaka 1992 tulipanda kivuko kwenda kusikiliza mahubiri ng'ambo, tukarudi, na siku ya kura Likoni ikampa simba, alama ya FORD-Kenya. Kwa hiyo Bwana Mfuatiliaji anakosea anaposema IPK haikuvuka Mji wa Kale. Ilivuka maji.

Lakini Bwana Mwana wa Majengo naye asidhani tulivuka kwa sababu zake zote. Mchukuzi wa bandarini alitaka kazi. Mdigo alitaka ardhi yake, ambayo hati zake zimo mikononi mwa watu wasiokaa hapo. FORD-Kenya haikuturudishia hata ekari moja, na waliosimama Mwembe Tayari wakaanza kugombana wao kwa wao. Uchaguzi wa 1997 ulipofika, baada ya mauaji na kuhamishwa kwa watu kuanzia Agosti mwaka ule, Likoni ilimchagua Suleiman Shakombo kwa tikiti ya Shirikisho, chama kilichodai utawala wa majimbo waziwazi. Dini ileile, watu walewale, chama kingine. Mnaotaka kujua IPK ingefika wapi, jibu liko Likoni: ingefika pale hoja ya ardhi ilipoanzia, na isingepita bila kuijibu.

Mtanga

Niruhusuni jirani yenu nichangie kwa ufupi. Tanzania ilipoandika Sheria ya Vyama vya Siasa mwaka 1992, mwaka uleule wa IPK, ilikataza chama chenye lengo la kuendeleza dini fulani, kabila au eneo. Hilo halikuzuia CUF, chama cha upinzani kilichosajiliwa kihalali na chenye wanachama wa dini zote, kuitwa chama cha Kiislamu na wapinzani wake kwa miaka mingi. Katazo haliondoi dini katika siasa. Linampa tu mwenye nguvu neno la kumpigia asiye na nguvu. Hata hivyo, nadhani viongozi wa dini zote wangebaki kwenye mimbari zao, mambo yangekuwa mepesi zaidi.

Mwana wa Majengo

Ndugu yangu wa Tanga, karibu, na nakuheshimu, lakini kauli yako ya mwisho si ya haki kwa Kenya. Viongozi wa dini zote hawakubaki kwenye mimbari zao, na ni vyema hawakubaki. Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge na Mchungaji Timothy Njoya waliipinga serikali ya chama kimoja kanisani, na nchi nzima ikawaita mashujaa, nami nawaita hivyo. Mwaka 2010, viongozi wa makanisa waliongoza kampeni ya kuipinga Katiba mpya, Mahakama za Kadhi zikiwa miongoni mwa sababu zao kubwa, na hakuna aliyesema wanaingiza dini katika siasa kinyume cha sheria. Shehe alipotoka msikitini akasema yaleyale kuhusu rushwa na ubaguzi, akashtakiwa kwa uhaini. Mtu asiniambie kipimo kilikuwa kimoja.

Wakili Mstaafu

Maaskofu uliowataja hawakuomba kusajili chama, Bwana, na tofauti hiyo ni kubwa kisheria. Mfano ulio karibu zaidi ni chama cha Safina. Nayo ilinyimwa usajili tangu 1995, ingawa haikuwa ya dini, ikasajiliwa mwishoni mwa 1997 baada ya makubaliano ya IPPG, yaani ya wabunge wa KANU na wa upinzani kuhusu mageuzi. Hii inaonyesha kwamba katika enzi ile, sababu iliyoandikwa kwenye barua ya kukataa haikuwa lazima iwe sababu ya kweli. IPK haikupata fursa hiyo ya pili. Lakini bado hakuna aliyenijibu kuhusu Mvita.

Bint Kisauni

Mzee wangu, nitakujibu mimi. Mvita ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mkono wa serikali. Nassir alikuwa bungeni tangu 1974, na watu walimjua aliyepeleka mtoto wao shule na aliyewatafutia kazi ya bandari. SUPKEM, baraza kuu la Waislamu wa Kenya, ilikuwa upande wa KANU. Na msisahau mlolongo wa 1988, watu walipopangwa nyuma ya wagombea mchana kweupe, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akapita bila kura ya siri. Miaka minne haitoshi kumwondolea mtu wa Majengo hofu ya kuonekana amesimama wapi, hasa akiwa na ndugu aliyekamatwa Mei. Hata nchi nzima, Rais Moi wa KANU alirudi kwa asilimia 36 hivi ya kura kwa sababu wapinzani waligawanyika. Kwa nini Mvita ilaumiwe peke yake?

Mfuatiliaji

Hofu inaweza kueleza kura ya Mvita, dada yangu, lakini Kisauni na Likoni nako kulikuwa na polisi na watu waliokamatwa, na kule hofu haikushinda. Naona Nassir alishinda kwa sababu alikuwa na kitu cha kuwapa watu, na IPK ilikuwa na hasira peke yake.

Mdigo wa Likoni

Hasira ya haki si kitu kidogo, Bwana Mfuatiliaji. Waulize waliofukuzwa kwenye shamba la babu yao.

Wakili Mstaafu

Jibu la Bint Kisauni ni la kwanza kugusa nilichouliza, ingawa halijanitosheleza, kwa sababu hofu hupimwa kwa takwimu. Mwenye matokeo ya Mvita ya 1992 kituo kwa kituo ayalete, tuone kama Majengo na Mji wa Kale zilipiga kura sawa na sehemu nyingine za jimbo, au kama ushindi wa KANU ulitoka upande mwingine kabisa wa kisiwa.

Mdigo wa Likoni

Na ya Likoni ya 1992 na 1997 yaje pamoja, vituo vyote, ili msituhesabu tena kwa kubahatisha.