Mafundi na wachoraji, acheni kuuza kisiwa cha jikoni kama meza ya kuleta na kuweka!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha.

Mwenye nyumba anakuja na picha ya jiko lenye kisiwa katikati, yaani kaunta yenye kabati inayosimama peke yake mbali na kuta. Anaulizwa anataka rangi gani na jiwe gani, kisha fundi anajibu "inawezekana, bosi" kabla futi kamba haijatoka mfukoni. Kabati zikishafungwa, mlango wa oveni unagonga kisiwa, droo mbili zinazotazamana hazifunguki kwa pamoja, na aliyebeba sufuria ya maji moto hana pa kupishana na mwenzake. Fundi keshachukua chake na kuondoka.

Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha tu. Kaunta ya ukutani inachukua sentimita 65. Njia kati yake na kisiwa ni 105 kwa mpishi mmoja, 120 wakiwa wawili. Kisiwa chenye viti kinataka 90: kabati 60, na 30 za magoti kaunta ikiwa na kimo cha 105. Nyuma ya viti weka 110 ili mtu apite bila kumwinua aliyekaa. Jumla ni sentimita 370, tena zipimwe ukuta hadi ukuta baada ya plasta na marumaru, maana vipimo vya ramani hupungua hapo. Ukiacha viti, kisiwa kikawa cha 65 na njia ya nyuma 90, bado unahitaji 325. Sasa mnaochora kisiwa kwenye jiko la mita 3, watu wapite wapi?

Na msiniambie njia ya 80 "inatosha tu". Mlango wa mashine ya kuoshea vyombo ukilazwa unatoka kama sentimita 60. Kwenye njia ya 105 zinabaki 45 za kusimama. Kwenye 80 zinabaki 20, huo si upana wa mwili wa mtu. Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, chora kisiwa sakafuni kwa chaki, panga maboksi hadi usawa wa kiuno, kisha watu wawili wapishane humo wakiwa na masinia mikononi. Ni kazi ya nusu saa, na hakuna fundi anayemwambia mteja aifanye.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni sinki. Sinki la kisiwani huamuliwa kabla zege la sakafu halijamwagwa! Bomba la maji machafu la milimita 50 linahitaji kushuka sentimita 2 kwa kila mita. Kisiwa kikiwa mita 4 kutoka bomba kuu, huo ni mteremko wa sentimita 8, bado hujaweka unene wa bomba lenyewe. Mteremko huo hauingii kwenye tabaka la saruji lililo chini ya marumaru. Ndiyo maana sakafu ikishamalizika fundi analichimbia bomba juujuu na kulilaza karibu bila mteremko. Maji yanapita, mafuta yanabaki na kuganda, bomba linaziba, na dawa ya kuzibua inauzwa kila mwezi kana kwamba tatizo ni uchafu wa mwenye nyumba.

Halafu kuna hewa, jambo ambalo wengi hawalitaji kabisa. Sinki la ukutani linaweza kupewa bomba la hewa linalopanda na ukuta. Kisiwa hakina ukuta. Maji yakishuka kwa kasi yanafyonza yale yaliyotuama kwenye kona ya bomba chini ya sinki, na maji hayo ndiyo kizuizi cha harufu ya mfereji. Yakiondoka, harufu inapanda jikoni. Dawa yake ni bomba la hewa linalopanda ndani ya kabati hadi karibu na kaunta, likapinda na kurudi chini ya sakafu mpaka ukutani, kisha likapanda hadi nje. Pale kanuni za ujenzi zinaporuhusu, funga vali inayoingiza hewa bila kuitoa. Ikae juu ya ile kona ya maji, mahali mkono unapofika siku ya kuibadilisha. Kama haya hayakufanyika wakati wa msingi, kisiwa kibaki kavu: kukatia, kukandia, kupakulia. Kwa nyumba nyingi hicho ndicho kisiwa bora, na mchoraji mwaminifu angelisema hilo mapema.

Umeme nao ni wa chini ya sakafu. Laza bomba la waya mapema hata kama soketi itafungwa baadaye, la sivyo waya wa mezani utakatiza njia na kuangusha mtu. Jiko la umeme la kilowati 7 kwenye volti 230 linavuta takriban ampea 30, kwa hiyo lipewe laini yake peke yake. Kulichomeka kwenye laini ya soketi ni kuomba moto.

Sasa jiwe. Granaiti ya milimita 30 ina uzito wa kilo 80 hivi kwa mita ya mraba, hivyo kaunta ya sentimita 240 kwa 100 inakaribia kilo 195. Ikitokeza bila mhimili, isizidi sentimita 25. Ya milimita 20 iishie 15. Mkata mawe anagundisha kipande ukingoni ili ya 20 ionekane nene, na mteja anaamini amepata jiwe nene. Halijaongezeka nguvu hata kidogo! Magoti yanahitaji sentimita 30 kwenye kaunta ya kimo cha 105, na karibu 40 kwenye ya 90. Kwa hiyo penye viti, vyuma vya kubebea ni lazima, vifungwe kwenye fremu ya kabati kila baada ya sentimita 60. Kabati nazo zifungwe sakafuni kwa vipande vya mbao vilivyopigwa skrubu, kwa sababu hazina ukuta wa kushikilia. Viti, kimoja kwa kila sentimita 60: kwenye urefu wa 240 wanakaa wanne, msiuze sita.

La mwisho, kabati za chipibodi, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zilizokalishwa moja kwa moja juu ya marumaru. Kisiwa hupigwa deki pande zote nne, maji yanapanda kupitia ukingo wa chini ambao haukuzibwa kwa kuwa "hauonekani", na ubao unavimba. Tumieni plaiwudi inayostahimili maji, miguu ya plastiki ya sentimita 10 hadi 15, na zibeni kingo zote nne.

Anayebisha aweke hapa mchoro wake wenye vipimo, tuupime mbele ya wote.